JANGWA LENYE WENYEWE: KAULI ZA WAKAZI WA PHOENIX NA MSAMIATI WETU WA UKAME

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapokumbana na neno jangwa, aghalabu hulikuta likiwa limekwisha kutwishwa mzigo. Tunasikia habari za jangwa la mapenzi, jangwa la elimu, jangwa la maadili. Kila mara neno linatumika kutaja mahali ambapo kitu kilichotarajiwa hakipo. Ni nadra kulikuta likitaja mahali ambapo mtu anaamka, anafua nguo, anapeleka watoto shuleni na kulipa kodi ya nyumba. Makala hii inanuia kulichunguza neno hilo kwa kulipeleka katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi 1,608,139. Wakazi hao hawakubaliani juu ya makao yao. Wapo wanaoapa kwamba hawatahama, na wapo wanaohesabu siku. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya mvutano huo imefichwa ndani ya maneno wanayoyachagua, na kwa hiyo msomi wa lugha anayo kazi ya kufanya hapo sawa na mhandisi wa maji au daktari.

Jiji na asili yake

Phoenix imejengwa katika Jangwa la Sonora, kando ya Mto Salt. Mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 200. Hata hivyo, kabla ya walowezi wa Kizungu kufika, watu wanaojulikana kama Hohokam walikuwa wamechimba mifereji ya mamia ya kilomita na kulima kwa karne nyingi, hadi makazi yao makubwa yalipoachwa kati ya karne ya 14 na ya 15. Walowezi wa miaka ya 1860 waliifukua baadhi ya mifereji hiyo na kuitumia tena. Ndipo jiji likapewa jina la ndege wa visasili anayezaliwa upya kutoka katika majivu yake. Msomaji atazame jina hilo kwa makini: linakiri kwamba palikuwa na watu hapo awali, na papo hapo linawageuza watu hao kuwa majivu. Tutalirudia jambo hili.

Mnamo 1911 Bwawa la Roosevelt lilikamilika na kilimo kikatengemaa. Lakini jiji lenyewe ni zao la kiyoyozi. Mwaka 1950 wakazi wake walikuwa takriban 107,000. Idadi ya leo ni zaidi ya mara 15 ya hiyo. Bila mashine ya kupoza hewa ndani ya nyumba, gari, duka na ofisi, ongezeko hilo lisingaliwezekana.

Tasfida ya “joto kavu”

Kauli mashuhuri kuliko zote miongoni mwa watetezi wa jiji hili ni kwamba joto la kwao ni “joto kavu”. Mgeni akilalamika, hujibiwa hivyo. Kauli hii ina ukweli ndani yake. Penye hewa kavu jasho hukauka upesi na mwili hupoa, na ndiyo maana mtu aliyezoea mvuke wa Mombasa mwezi wa Machi anaweza kuiona nyuzijoto 32 ya Phoenix kuwa nafuu. Tatizo ni kwamba kauli hiyo hiyo hutumika hata pale sayansi yake inapokoma. Hewa ikishapita joto la ngozi ya binadamu, yaani takriban nyuzi 35 za Selsiasi, upepo wenyewe humwongezea mtu joto; na jasho likikauka upesi mno, mtu hupoteza maji mengi bila kujiona amelowa.

Mnamo 2023 jiji hilo lilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au kupita. Mwaka 2024 likapitisha siku 113 mfululizo za nyuzi 37.8 au zaidi. Rekodi ya juu kabisa, nyuzi 50, iliwekwa tarehe 26 Juni 1990. Lami ya barabara iliyopigwa na jua la kiangazi huweza kupita nyuzi 70, na hospitali za huko hupokea watu waliounguzwa kwa kuanguka tu barabarani. Mbele ya tarakimu hizi “joto kavu” linakuwa tasfida kamili kama zile tunazozifundisha darasani: neno linalolainisha jambo ambalo likitajwa wazi lingetisha.

Tasfida haiishi peke yake, huandamana na utani. Wakazi hutaniana juu ya kukaanga yai kando ya barabara na kushika usukani kwa glavu za kutolea sufuria ovenini. Chuku hizi zina kazi ya kijamii. Anayezitoa anajitangaza kuwa mwenyeji, mtu aliyestahimili. Anayezishangaa anajulikana papo hapo kuwa mgeni. Kwa maoni yangu, mtafiti anayezichukua kama ushahidi kwamba wakazi “wanapenda” joto, au kwamba “wanalichukia”, ameusoma utani huo vibaya. Mtu anaweza kuitania nyumba yake na asiruhusu mtu mwingine aitanie.

Wala sifa zao zote si utani. Kwa miezi kama sita hivi, kuanzia Novemba hadi Aprili, hali ya hewa ya Phoenix ni ya kuonewa wivu, na wazee kutoka majimbo ya baridi huhamia huko kwa msimu. Wenyeji huwaita “ndege wa theluji”. Wakazi husifu pia machweo, milima inayoonekana kutoka kila upande, mikakati mirefu ya saguaro ambayo huchukua miongo mingi kabla ya kutoa tawi lake la kwanza, na harufu ya kichaka cha kreosoti mvua inapokaribia. Kuhusu harufu hiyo hata walalamishi hunyamaza.

Ni nani anayesema?

Katika uhakiki tumezoea kuuliza msimulizi ni nani na amesimama wapi. Swali hilo linafaa hapa kuliko lingine lolote. Kauli “joto unaweza kulizoea” ikitamkwa na mwenye nyumba yenye kiyoyozi kizima, gari lililoegeshwa kivulini na kazi ya ofisini, ni kauli ya kweli kwake. Ikielekezwa kwa fundi wa mapaa, au kwa anayengoja basi kwenye kituo kisicho na paa, ni maneno mengine kabisa.

Mwaka 2023 vifo 645 vilivyohusiana na joto vilithibitishwa katika Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo. Karibu nusu ya waliofariki walikuwa watu wasio na makao. Miongoni mwa waliofia ndani ya nyumba, hali iliyojitokeza sana ni kiyoyozi kuwapo lakini hakifanyi kazi. Kwa hiyo tofauti ya kuishi na kufa inaweza kuwa mtambo mbovu ambao mpangaji hana fedha za kuutengeneza, au bili. Mwaka 2018 mteja mzee alifariki baada ya kukatiwa umeme kwa deni dogo, na mwaka uliofuata wasimamizi wa huduma hiyo jimboni wakapiga marufuku kuwakatia umeme wateja wa majumbani wakati wa joto kali. Aidha, mitaa ya kusini, ambayo kwa miongo mingi ndiyo waliyoruhusiwa kukaa watu weusi na wenye asili ya Meksiko, ina miti michache kuliko mitaa ya matajiri. Kivuli huko ni mali, na kimegawanywa kama mali nyingine zinavyogawanywa. Andrew Ross, aliyeliandikia jiji hili kitabu kiitwacho Bird on Fire (2011) baada ya kuwahoji wakazi wengi, alifikia rai kwamba hatima yake itaamuliwa na haki ya kijamii kuliko mitambo. Nakubaliana naye.

Ikumbukwe kwamba sauti hizo si za Kiingereza na Kihispania pekee. Arizona ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi kutoka Kongo, na kwa hiyo Kiswahili nacho kimo mjini humo. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mvua na kijani, analiita nini jua la Julai la Phoenix? Swali hilo linangoja mtafiti wake, na ningefurahi iwapo angetoka katika chama hiki chetu.

Maji

Hapa hofu hushinda utani. Sehemu kubwa ya maji ya Phoenix hutoka katika mito ya Salt na Verde. Sehemu nyingine husafirishwa kutoka Mto Colorado kwa mfereji wa takriban kilomita 540, uliochimbwa kati ya 1973 na 1993. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza uhaba katika Colorado kwa mara ya kwanza, na Arizona ikapunguziwa mgao kuanzia 2022. Juni 2023 jimbo likazuia vibali vya mitaa mipya pembezoni mwa jiji inayotegemea maji ya ardhini peke yake. Mkazi mwenye matumaini husema kwamba watu wa jangwani ndio wanaojua kuhesabu maji, na hutaja sheria ya 1980 iliyodhibiti uchimbaji wa visima. Mwenye wasiwasi hutaja viwanja vya gofu.

Majina na wenye majina

Neno la Kiingereza la jangwa limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuacha au kutelekeza. Katika lugha hiyo, basi, jangwa ni mahali palipoachwa. Lakini wenyeji wa Sonora wana jamii inayojiita Tohono O'odham, yaani watu wa jangwa, na ndugu zao Akimel O'odham, watu wa mto. Kwa watu hao jangwa ni anwani, na wale Hohokam waliofanywa majivu katika jina la jiji wanatajwa kuwa mababu zao. Ofelia Zepeda, mwanaisimu na mshairi wa Tohono O'odham, ameandika sarufi ya lugha yake (1983) na mashairi kuhusu jangwa na mvua. Serikali iliwaita watu wake Wapapago, jina walilopewa na wengine, hadi walipolibadilisha rasmi mwaka 1986. Akimel O'odham nao walinyang'anywa maji ya Mto Gila katika karne ya 19, walowezi walipoyachepusha kutoka juu ya mto. Wakulima waliokuwa wakiuza ngano wakaingia katika njaa. Sheria ya 2004 ndiyo iliyowarejeshea haki ya fungu kubwa la maji ya mfereji.

Msomaji Mkenya hatashindwa kuona tulipofika. Wamijikenda nao waliitwa Wanyika, watu wa porini, kabla ya jina Mijikenda kushika katika miaka ya 1940. Nyika, pori, jangwa: maneno haya yalimtambulisha mtu kwa kile ambacho mtazamaji wa pwani au wa mjini hakukiona. Na yana madhara ya kisera. Waraka Namba 10 wa Bunge wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kaskazini ikabaki ilipo. Hadi Waraka Namba 8 wa 2012 ndipo sera mahsusi ya maeneo kame ikapatikana. Msafiri wa Marsabit au Turkana anayesema “naenda Kenya” akielekea Nairobi anatoa muhtasari wa historia hiyo kwa maneno mawili. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba sitiari ya jangwa kama utupu, tunayoipenda sana katika ushairi, haina usafi wowote. Haitoshi kusema ni sitiari tu.

Kutafsiri hali ya hewa

Tumalizie na matatizo mawili kwa wanaofanya somo la tafsiri. Tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa vumbi wenye upana wa takriban kilomita 160 uliifunika Phoenix. Wataalamu wa hali ya hewa waliuita haboob, neno la Kiarabu linalotumika Sudani kwa dhoruba za namna hiyo hiyo. Baadhi ya wakazi walikasirika wakaandikia magazeti kupinga neno la Kiarabu kupewa dhoruba ya Arizona. Wengine waliwajibu kwamba maneno mengi ya Kiingereza yanatoka huko huko. Sisi ambao lugha yetu imepokea msamiati wa Kiarabu bila kupoteza usingizi twaweza kutabasamu, ila swali linabaki: tuiite dhoruba ya vumbi, tufani ya mchanga, au habubu? Mimi naona la kwanza linaeleza vizuri, na la tatu linataja kitu kimoja mahsusi, ukuta wa vumbi unaosukumwa na upepo wa mvua ya radi. Ningelichukua la tatu.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Neno kiangazi kwetu linaunganisha jua na ukosefu wa mvua. Phoenix hupata mvua zake katika vipindi viwili: mvua tulivu za majira ya baridi, na mvua za radi zinazoshuka kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, katikati ya joto lile lile linaloua. Kipindi hicho ndicho cha watu kujifungia ndani, kama wengine wanavyojifungia wakati wa theluji. Jua la jioni halitamaniki, na tangu 1968 jimbo limekataa kusogeza saa mbele kama majimbo mengine yanavyofanya, maana hakuna aliyetaka kuongezewa saa moja ya mwangaza. Ukikiita kipindi hicho kiangazi, umeifuta mvua. Ukikiita masika, umelifuta jua. Wanafunzi wa mwaka wa tatu niliowapa zoezi hili walipendekeza masika ya jua, nami bado sijapata lililo bora.