Dondoo muhimu: Usinunue bunduki kwa matundu matatu
Ukilinganisha bunduki nafuu za kuwindia, kama Ruger American na Savage Axis, usiamini karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana. Hiyo huenda ikawa bahati tu. Piga risasi 10 za aina moja, ukiuacha mtutu upoe, kisha pima matundu mawili yaliyoachana zaidi. Risasi ni ghali, kweli, ila mnyama aliyejeruhiwa akapotelea porini ni hasara kubwa zaidi.

Kwenye misitu ya miombo ya Lualaba, DRC, miti huziba macho na mnyama hupigwa kwa karibu, hivyo tofauti ya sentimita mbili kwa mita 100 si hoja. Hoja ni kitako cha plastiki kinachopinda: egemeza bunduki kama unavyolenga, upitishe noti ya faranga kati ya mtutu na kitako. Ikikwama, shabaha itayumba. (Kibali cha kuwinda, kwa sheria ya uwindaji ya DRC ya 28 Mei 1982, kitangulie yote.)