Ufahamu na Ufupisho: Springi za Trela Milimani

Mtahiniwa, alama nyingi za ufahamu hupotea kwa sababu mtu hujibu kwa anayoyajua, si kwa yaliyomo katika kifungu. Soma mara mbili: kwanza upate wazo kuu, kisha utafute majibu.

Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Barabara hiyo ni ya lami, lakini ina mwinuko mkubwa na kona kali. Mizigo ya kabichi, karoti na viazi kutoka vijiji vya juu, kama vile Lukozi na Mtae, hupita kwanza njia mbovu za vumbi. Trela linalovutwa na pikapu katika njia hizo huteseka kuliko gari lenyewe, hasa likijazwa kupita kiasi bila kukaguliwa.

Springi za trela hilo ni vyuma bapa vilivyolaliana. Kila kimoja huitwa jani. Jani kuu ndilo refu kuliko yote, na ncha zake zimekunjwa kuwa matundu ya kupitishia pini. Bolti ya katikati huyashika majani pamoja, nazo bolti zenye umbo la U huibana springi kwenye ekseli. Gurudumu likipiga shimo, majani hujipinda na kusuguana, na mshtuko hupungua kabla ya kufika kwenye fremu.

Trela hukaguliwa likiwa tupu, mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi. Fundi hutazama kama limeinama upande mmoja, kisha hutafuta nyufa, hasa karibu na bolti ya katikati. Hukaza nati na kutia grisi kwenye pini zenye tundu la grisi. Jani lililovunjika halichomelewi, kwa kuwa joto la kuchomelea huharibu uimara ambao chuma kilipewa kiwandani. Springi hubadilishwa pande zote mbili ili zilingane, na nati hukazwa tena baada ya safari fupi ya kwanza.

Jani kuu likivunjika njiani, ekseli inaweza kusogea na trela likaenda upande. Katika kona ya mlima, anayeumia huenda akawa mtembea kwa miguu asiyejua lolote kuhusu springi hizo.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
2. Kwa nini jani lililovunjika halichomelewi?
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) jani (b) huteseka.
4. Neno "bolti" limeundwa kwa njia gani?
5. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 35.

Majibu na maelezo

1. Utunzaji wa springi za trela. "Ajali za barabarani" hakifai, kwani ajali imeguswa katika aya ya mwisho tu.

2. Kwa sababu joto la kuchomelea huharibu uimara wa chuma. Ukiandika "litavunjika tena" umetaja matokeo, na swali linauliza sababu.

3. (a) Chuma bapa kimoja kati ya vinavyounda springi. Ukijibu "sehemu ya mmea" utakosa, kwa kuwa hapa neno limepanuliwa maana. (b) Huchakaa au huharibika kwa kazi nzito.

4. Utohoaji. Neno limetoka Kiingereza, likaongezewa irabu "i" mwishoni ili lifuate muundo wa silabi za Kiswahili. Maneno mengine ya aina hiyo kifunguni ni springi, nati na grisi.

5. Trela tupu likaguliwe mahali tambarare kwa kutazama mwinamo na nyufa, nati zikazwe na pini zitiwe grisi. Jani lililovunjika lisichomelewe. Springi zibadilishwe pande zote mbili na nati zikazwe upya baada ya safari fupi. (Maneno 32)

Zingatia: Katika ufupisho huu hatua zimebaki kwa mpangilio wake, na hakuna jambo jipya lililoongezwa. Kwa fundi, kuruka hatua huweza kugharimu maisha. Kwako wewe hugharimu alama. Hesabu maneno yako kabla ya kwenda swali linalofuata.