Somo la 6: Chipu Ikiungua Katika Bodi ya Jokofu

Kwa mkaazi wa Matemwe anayehifadhi pweza na changu kwa ajili ya kuuza, jokofu si pambo la nyumba bali ni mtaji. Umeme hukatika usiku, hurejea kwa nguvu, na asubuhi samaki wamekwisha kulainika. Fundi hufungua nyuma, hutazama, kisha husema: "Bodi imekufa, nunua nyengine." Huenda ni kweli. Huenda pia kilichoharibika ni chipu moja yenye ukubwa wa ukucha. Somo hili linamsaidia mtumiaji kutambua tofauti kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini chipu huharibika

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Katika bodi za majokofu mengi ya kisasa, umeme huo hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja wa takriban volti 325, kisha hupunguzwa hadi volti 12 na 5. Chipu inayofanya kazi ya kupunguza ndiyo hubeba mzigo, na mara nyingi huwa ya mwanzo kuungua umeme unapopanda ghafla.

Sababu ya pili ni chumvi. Upepo wa bahari, hasa wakati wa kusi, huingiza unyevunyevu wa chumvi ndani ya mashine, na miguu ya chipu hushika kutu. Chipu ya namna hiyo huonekana imekufa, kumbe inahitaji kusafishwa tu.

Maswali ya kumuuliza fundi

1. Umepima nini? Fundi makini hupima volti zinazoingia na zinazotoka katika bodi. Kutazama kwa macho pekee hakutoshi.

2. Kwa nini imeungua? Ikiwa chanzo ni kapasita iliyovimba au volti zisizo sahihi, chipu mpya nayo itaungua, na mtumiaji atalipa mara mbili.

3. Chipu mpya imetoka wapi? Namba yake ilingane na ya zamani, pamoja na herufi za mwisho. Zipo chipu kuukuu zinazokwanguliwa na kuandikwa upya. Mikwaruzo juu yake, au mabaki ya risasi ya kuchomelea kwenye miguu, ni dalili ya kutiliwa shaka.

4. Je, inahitaji programu? Chipu inayoendesha jokofu hubeba maelekezo ya mtengenezaji. Ikinunuliwa tupu haitafanya kazi. Hapo kubadilisha bodi nzima kunaweza kuwa ushauri wa kweli.

Kabla na baada ya kazi

Taka makisio ya gharama kwa maandishi. Kazi ikimalizika, dai chipu ya zamani, risiti inayotaja namba ya chipu mpya, na muda wa dhamana. Jokofu likiwa bado ndani ya dhamana ya muuzaji, rudi kwake kwanza. Kulifungua kwa fundi mwengine kunaweza kukupotezea haki hiyo.

Tahadhari: usifungue bodi mwenyewe. Kapasita huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kinga

Tumia kifaa cha kulinda jokofu kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurejea. Weka jokofu mbali na dirisha linalotazama bahari.

Ikiwa umeuziwa chipu bandia, au umelipishwa kwa kazi isiyofanyika, usinyamaze. Sheria Namba 5 ya 2018 ya Zanzibar, inayohusu ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, imekusudiwa kukulinda. Tuletee malalamiko yako pamoja na risiti na chipu ya zamani. Bila ya vitu hivyo, madai huwa ni neno la mtu dhidi ya neno la mwenziwe. Navyo, tunapata pa kuanzia.