Nani Anatunolea Jembe?

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya nyumbani
Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 13:16-22 na Matendo ya Mitume 6:1-7



Katika kipindi cha maswali kijana mmoja aliuliza: Je, ni halali kwa Mkristo kukaa akiwaza mashine zitakazokuja miaka kumi au ishirini ijayo, na jinsi maisha yetu yatakavyobadilika? Mzee mmoja alimjibu upesi kwamba mambo hayo yako katika Danieli 12:4, ni dalili za siku za mwisho, kisha tukafunga kwa sala. Kwa heshima zote kwa mzee wangu, naona tulifunga mapema. Danieli huyo huyo, baada ya maono yaliyomlaza mgonjwa siku kadhaa, aliinuka akarudi kwenye kazi ya mfalme (Danieli 8:27).

Kwetu sisi tuliohama makwao swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye shamba lake na hati yake anaweza kungoja kitu kipya kifike, akitazame, akikatae akipenda. Mkimbizi hana nafasi hiyo. Kitu kipya kinamfikia kupitia kadi yake, mgao wake na jina lake katika orodha, na mara nyingi anakijua siku ile ile anapotakiwa kukitumia.

Baiskeli iliyoanzia hapa kwetu

Ndugu mnaosoma mkiwa Kiryandongo, nanyi mliobaki huku Bulumbi, Busia na Tororo, tusidhani kila jambo jipya huanzia Ulaya. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walifunga kiti cha sponji juu ya keria ya baiskeli, wakawabeba watu na mizigo katika ile nafasi kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Walikuwa wakiita abiria kwa kutaja safari yenyewe, boda kwenda boda, na jina likashika. Baadaye ikaja pikipiki. Siku hizi Kampala, Nairobi na Kigali zipo pikipiki za umeme, na dereva anayeishiwa hanunui petroli. Anapita kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anawekewa iliyojaa.

Sasa mfikirie mzee wa Busia mwaka 1965 akiitazama baiskeli ile yenye sponji. Angeweza kuwaza kwamba wajukuu wake watakula na kusoma kwa kazi hiyo? Angeweza kuwaza mama mwenye uchungu akipelekwa hospitali saa nane za usiku kwa chombo hicho? Na upande wa pili, angewaza wodi zilizojaa vijana waliovunjika miguu? Yote matatu yamekuja pamoja. Kuwaza mbele si kupiga ramli. Ni kukitazama kitu kikiwa bado kidogo na kuuliza kitamfikia nani, na kitampita nani.

Simu ya Januari 2008

Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007. Huduma hiyo ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba ulipofanyika na nchi ikawaka. Barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, na watu waliokwama majumbani walitumiwa salio na pesa kwa simu na jamaa zao. Wengine wetu tulivuka Busia na Malaba tukiwa na tulichovaa. Tulipokelewa kwenye kituo cha Mulanda, Tororo, na mwaka huo huo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Mnakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakisimama mahali pa juu wakitafuta mtandao wa Kenya, maana huku mpakani unavuka mstari pasipo kuulizwa pasipoti.

Lakini simu hiyo hiyo ilileta SMS za chuki, zilizotaja makabila na kuwaita watu wafanye mabaya. Palikuwa na wazo la kuzima SMS nchi nzima. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom wakati ule, alishauri zisizimwe bali wateja watumiwe ujumbe wa amani. Katika Januari hiyo hiyo Wakenya wachache walitengeneza ramani kwenye intaneti na kuiita Ushahidi, na mtu wa kawaida aliweza kueleza kwa SMS mahali palipotokea vurugu. Baadaye ilitumika pia Haiti, baada ya tetemeko la mwaka 2010. Ukimuuliza mkimbizi wa 2008 kama simu ni njema au ni mbaya, ajibuje? Ilimletea nyanya yake pesa ya unga, na ilimletea jirani yake maneno ya kumfukuza.

Fungu letu

Hebu tufungue 1 Samweli 13. Wafilisti wameingia nchi ya Israeli, na mwandishi anasimamisha habari za vita ili atueleze jambo la kijijini kabisa: Waisraeli hawakuwa na mhunzi. Wafilisti walihakikisha hivyo, wasije Waebrania wakajifulia panga na mikuki. Kwa hiyo mkulima aliyetaka kunoa jembe, shoka au mundu wake alilazimika kushuka kwa adui zake, na kulipa.

Mstari wa 21 una historia yake. Kama Biblia yako ina neno tupa mahali hapo, usishangae. Ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina tupa, kwa sababu wafasiri walikutana na neno la Kiebrania, pim, lisilopatikana mahali pengine popote katika Maandiko, wakakisia. Katika karne ya 20 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata katika nchi ile vijiwe vya mizani vilivyoandikwa neno hilo hilo. Kila kimoja kina uzito wa karibu gramu 8, yaani kama theluthi mbili za shekeli. Basi pim haikuwa chombo cha kunolea. Ilikuwa bei ya kunolewa.

Nawaomba tukae kidogo hapo. Majembe yalikuwa ya Waisraeli, mashamba yalikuwa ya kwao, na nguvu za mikono zilikuwa zao. Lakini makali ya jembe yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na yeye ndiye aliyepanga bei. Siku ya vita ilipofika, kati ya watu wote ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na silaha za chuma (mstari wa 22).

Tulete mfano huu nyumbani. Simu ni yako, lakini chaji iko sokoni kwa mwenye sola, nawe unalipa kila mara. Pesa ni yako, lakini tangu mwaka 2018 Uganda inatoza kodi kwa pesa za simu. Ilianza kwa asilimia 1, na kabla ya mwaka huo kwisha ikapunguzwa kuwa nusu asilimia kwa anayetoa, yaani shilingi 500 katika kila 100,000, mbali na ada ya kutoa. Laini je? Kwa muda mrefu wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mwenyeji. Ni mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu mkimbizi asajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au kwa barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama pesa za mjane bado zinaingia kwenye laini yenye jina la jirani, mjane huyo amepeleka jembe lake kwa mtu mwingine. Jirani anaweza kuwa mwema. Lakini jirani naye hufa, huhama, hugombana.

Si kila anayeshika nyundo ni Mfilisti, tusije tukawakosea watu. Mwenye sola sokoni amenunua mtambo kwa jasho lake. Ninachosema ni kwamba kila chombo kipya kina bei ya kunolewa ambayo haitajwi siku kinapotolewa, na wanaoilipa kwa uchungu ni wale wasio na fedha ya akiba.

Vidole visivyosomeka

Mwaka 2018 serikali ya Uganda pamoja na UNHCR waliwahakiki upya wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Wako waumini walioogopa, wakataja Ufunuo 13 na ile alama. Nilielewa hofu yao, lakini naona ilielekea mahali pasipo. Sura ile inazungumza juu ya kumsujudia mnyama, na kwenye meza ya uhakiki hakuna aliyetakiwa kusujudu. Hofu iliyostahili ilikuwa nyingine. Mama aliyeshika jembe miaka arobaini vidole vyake vimelika, na mashine inaweza isivisome. Mzee mwenye mtoto wa jicho naye ana shida kwenye mashine ya macho. Mgonjwa aliyelala nyumbani hawezi kutuma kidole chake kwa mkono wa mjukuu, ingawa zamani kadi ya karatasi iliweza kubebwa na mjukuu.

Ndipo tunafika Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mgao wa kila siku, na wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Angalieni mitume hawakufanya nini. Hawakuufunga mgao kwa kuwa una kasoro, wala hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliwaita watu wote, wakaweka watu saba kwa kazi hiyo. Soma majina yao katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kanisa liliwakabidhi mgao watu kutoka upande ule ule uliokuwa umelalamika, watu waliowajua wale wajane kwa sura na kwa lugha. Binafsi mstari huu wa majina, ambao wengi tunaupita haraka, ndio ninaouona kuwa kiini cha sura hiyo.

Tukiwaza mbele

Sasa tumjibu kijana wetu. Ndiyo, tuwaze, na tuwaze kwa mambo yaliyokwisha kuanza.

Tangu mwaka 2016 nchini Rwanda ndege ndogo zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini na kuiangusha kwa parashuti. Kwa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, mbali na barabara ya lami, hilo ni jambo la uhai na kifo. Lakini nani ataita ndege? Ni muuguzi. Na ni nani atamfikisha mama kwa muuguzi? Tunarudi tena kwa kijana wa bodaboda.

Mashine za kutafsiri nazo zimekwisha kufika. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mara moja, Kiacholi na Kijaluo zikiwamo. Fikiria mgonjwa akizungumza lugha ya nyumbani na daktari akisikia Kiingereza. Itakuwa baraka kubwa kwa wale ambao leo wanaingia chumba cha daktari na mtoto wa miaka tisa awe mkalimani, mtoto asikie mambo ya mama yake yasiyomfaa. Lakini neno moja likitafsiriwa vibaya katika fomu ya maombi ya ukimbizi, nani ataligundua? Na nyanya anayesema Lusamia tu, zamu yake itafika lini?

La tatu linanitia wasiwasi zaidi. Kompyuta sasa inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza maneno yake machache. Sisi tuna jamaa Nairobi, Kampala, Juba, wengine Australia na Marekani, na tumezoea kumtambua ndugu kwa sauti. Siku moja simu italia, sauti itakuwa ya mwanao, italia na kusema imekamatwa, itaomba pesa sasa hivi. Isaka alisema sauti ni ya Yakobo, lakini akaamini mikono (Mwanzo 27:22). Kwetu hata mikono haitakuwapo. Nashauri kila familia ichague leo neno moja la siri, lisilojulikana nje ya nyumba, la kumuuliza anayepiga simu kuomba pesa. Lisiandikwe kwenye simu. Watoto wafundishwe kama wanavyofundishwa sala ya chakula.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika kikundi

1. Hesabuni pim yenu: kwa mwezi mmoja nyumba yenu imelipa kiasi gani kwa kuchaji, kutuma na kutoa pesa, na vifurushi? Je, kikundi kikichanga kingeweza kununua sola moja ya kuchajia simu za wote?

2. Katika kikundi chenu, ni nani ambaye pesa zake zinaingia kwenye laini ya mtu mwingine? Ana karatasi za kusajili ya kwake? Nani atamsindikiza?

3. Ni nani ambaye vidole vyake vimewahi kukataa mashine, au hawezi kutembea hadi penye uhakiki? Msitaje majina hadharani. Mpeni kiongozi wa kikundi pembeni.

4. Vijana: chagueni chombo kimoja kipya mlichosikia habari zake, mweleze kitamfikia nani hapa kwetu na kitampita nani.

5. Kama tungechagua watu saba wa kuangalia wanaosahauliwa, wangetoka upande gani wa kambi, na wangejua lugha zipi?

Majibu ya swali la pili na la tatu yamfikie mzee wa kanisa kabla ya siku ya mgao ujao.