SOMO: Pointi zako ni zako, usizibadilishe

Leo tunataka kujifunza pamoja juu ya kusema ukweli kuhusu pointi za shule. Mfano wetu unatoka mbali, katika vyuo vikuu vya Marekani, lakini mtaona kwamba unafika hadi mlangoni kwetu. Wakongomani wengi walipelekwa Marekani kama wakimbizi kabla ya serikali ya nchi ile kusimamisha mpango huo Januari 2025. Watoto wao wanasoma huko, na bado wanatupigia simu kuomba shauri.

1. Vyama vya udada ni nini?

Katika vyuo vya Marekani kuna vyama vya wanafunzi wasichana vinavyoitwa sororiti, maana yake udada. Vingi vina majina ya herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha kilianzishwa mwaka 1908 na wanafunzi wanawake weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Delta Sigma Theta kilianzishwa hapo hapo mwaka 1913, na mwaka ule ule wanachama wake waliandamana Washington kudai haki ya wanawake ya kupiga kura. Msichana anayeingia hupata dada wa kumsaidia katika masomo, kazi za kuhudumia jamii, na watu wa kumjua hata baada ya chuo. Kwa mtoto aliyefika nchi ngeni bila shangazi wala jirani, hilo si jambo dogo.

2. Pointi zinaangaliwaje?

Kila chama huweka kiwango chake cha masomo. Huko wastani wa pointi huhesabiwa kutoka 0 hadi 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2. Kama chama kinadai 2.5 na wewe una 2.4, hujafika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na kwa kawaida chuo hakitoi pointi zake kwa wengine bila idhini yake ya maandishi. Kwa hiyo mwombaji hutia sahihi karatasi ya kuruhusu pointi zake zihakikishwe. Aliyeandika uongo ametia sahihi yeye mwenyewe ili uongo wake upimwe. Njia ya mwongo ni fupi.

Tena kuna shida inayowahusu watoto wetu. Kwetu Kongo, mwenye asilimia 50 amefaulu, na mwenye 62 anapongezwa. Katika shule nyingi za Marekani, 62 ni D, karibu na kuanguka. Nambari ni moja, maana ni mbili. Hapo ndipo majaribu yanapoingia.

3. Tuchukue mfano

Msichana mmoja alipata diploma ya Serikali kwa asilimia 62, kisha akaenda Marekani na familia yake. Buletini zake za shule zilipotea wakati wa kukimbia vita. Chuo kikampokea kwa diploma ile. Alipotaka kuingia katika chama cha udada, aliulizwa wastani wake wa sekondari. Akampigia simu baba yake mdogo, aliyekuwa mwalimu wake na ambaye sasa ni kiongozi wa kamati ya waliohama makwao.

"Baba mdogo, niandikie barua, useme nilikuwa na 82. Shule yenyewe ilichomwa. Nani atajua?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siku ile ulipoleta 62 tulichinja kuku. Kuku yule hakuwa wa uongo. Mbona leo unaionea haya?"

Akamkumbusha pia kwamba chuo tayari kina diploma yenye 62. Barua ya 82 ingewafanya wote wawili waonekane waongo. Basi alimwandikia barua nyingine, yenye 62, akieleza jinsi pointi zinavyotolewa Kongo na kwamba mtoto huyo alisoma katikati ya vita. Chama hakikumpokea muhula ule. Kilimwambia asubiri awe na pointi za chuo chenyewe. Aliumia, lakini mlango haukufungwa, na jina lake lilibaki safi.

4. Na sisi viongozi?

Wengi wetu tumepoteza karatasi. Lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma Januari 2002, vita vilipoingia mji ule ule Januari 2025, watu walibeba watoto, si mabuletini. Kwa hiyo kiongozi anaombwa kila siku kushuhudia: huyu alisoma, huyu ni mjane, huyu ana watoto saba. Sahihi yake ndiyo karatasi iliyobaki. Akiiuza kwa huruma mara moja, siku ya pili mjane wa kweli hataaminiwa.

Sisi tunaoandika hatujitoi. Siku moja tuliandika kwamba watu 60 walikuja kwenye mafunzo, nao walikuwa 41. Sabuni ya watu 60 ilipofika, majirani waliona iliyobaki wakaanza kuulizana inakwenda kwa nani. Tulikuwa tunafundisha amani, na uongo wetu ulileta mafarakano. Tulirudi kuwaomba msamaha mbele ya wote. Ilichukua muda mrefu watu kutuamini tena.

5. Mambo ya kushika

- Andika pointi kama zilivyo. Usizikweze, wala usifiche muhula ulioanguka.
- Eleza kipimo cha nchi yako. Kueleza si kudanganya. Kuna ofisi zinazolinganisha vyeti vya nchi mbalimbali.
- Ukipoteza karatasi, sema zimepotea. Tafuta mwalimu au mkuu wa shule anayekumbuka kweli.
- Kiongozi, shuhudia tu lile unalolijua. Kwa lile usilolijua, sema hulijui.
- Wazazi, msimwaibishe mtoto kwa pointi ndogo. Mtoto anayeogopa nyumbani hujifunza kudanganya nje.

6. Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kama ungekuwa baba mdogo yule, ungejibu nini? Kwa sababu gani?
2. Je, katika kambi au kijiji chetu kuna karatasi zinazoandikwa kwa huruma au kwa pesa? Zinamuumiza nani?
3. Aliyekwisha kudanganya anaweza kurekebisha kwa njia gani, na sisi tutampokeaje?

Someni somo hili pamoja na vijana wenu, mwape nafasi ya kusema kwanza. Tukutane katika somo lijalo. Amani iwe nanyi.