Vitamini B1 na wali wa Mwamkulu

Mpunga wa Mwamkulu, kama wa mashamba mengine ya Mpanda, hutoka shambani ukiwa na vitamini B1 (thiamini) ya kutosha. Mashine ya kukoboa ndiyo huipunguza: vitamini hiyo imejaa zaidi kwenye kiini na utando wa kahawia unaogeuka pumba, na pumba huishia kwa kuku. Mtafiti Christiaan Eijkman aliliona hilo kisiwani Java miaka ya 1890, kuku waliolishwa mchele mweupe mtupu walipolegea miguu, nao waliolishwa mchele usiokobolewa sana wakapona.

Mwili huitumia thiamini kugeuza wanga kuwa nguvu. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 1.4. Akiba mwilini haizidi wiki chache. Upungufu huleta beriberi: ganzi miguuni, kuvimba, moyo kushindwa kazi. Dalili hizo ni za hospitali, si za kusubiri.

Mchele uoshwe kidogo, upikwe kwa maji yanayokaukia sufuriani. Maji yakimwagwa, vitamini huenda nayo. Mpunga uliochemshwa kabla ya kukobolewa hubakiza zaidi. Wali uliwe na maharage, kunde au karanga, na ugali uwe wa dona badala ya sembe. Magadi kwenye maharage huyaivisha upesi, lakini huharibu thiamini. Kuyaloweka usiku kucha ni bora. Pombe nyingi nayo huzuia vitamini hii kufyonzwa.