VPN na Sauti za Wasemaji: Somo kwa Mtafiti wa Masisi na Walikale

Katika mbinu za utafiti tunafundishwa kurekodi, kunukuu na kuchanganua. Njia inayopitwa na rekodi hadi chuoni tunaizungumzia kidogo. Ninaieleza hapa kwa kuangalia Kihunde cha Masisi na Kinyanga cha Walikale, Kivu ya Kaskazini, ambako vita vya M23 vilifika hadi mji wa Walikale Machi 2025.

VPN, yaani mtandao pepe binafsi, ni njia iliyofungwa ndani ya intaneti ya wote. Programu iliyo kwenye kompyuta husimba data kabla haijatoka. Seva ya chuo humthibitisha mtumiaji, kisha huisimbua. Kampuni ya simu huona kwamba data inapita na inaelekea seva ipi, ila haioni yaliyomo. Kinachofichwa ni maudhui, si safari.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu rekodi si orodha ya maneno tu. Mzee anayesimulia alivyokimbia hutaja kijiji, jamaa na njia. Hata asipovitaja, sauti na lafudhi humtambulisha. Sisi wanaisimu tunajua kwamba lahaja ni anwani.

Hata hivyo, VPN ina mipaka mitatu:

1. Hailindi kilichomo ndani ya simu. Anayeishika ikiwa wazi husikia yote.

2. Mwenye seva ya VPN anaweza kuona unakokwenda. Kwa hiyo tumia ya chuo, si yoyote ya bure.

3. Haifanyi kazi pasipo mtandao. X na TikTok zilipozuiwa nchini Kongo mwishoni mwa Januari 2025, VPN iliweza kukwepa kizuizi. Lakini intaneti ilipokatwa kwa takribani siku 20 baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, VPN haikuwa na pa kupita.

Utaratibu ninaopendekeza ni huu: yape mafaili namba badala ya majina, simba kila faili, washa VPN, tuma, hakikisha limefika salama, ndipo ulifute kwenye simu. Orodha inayounganisha namba na majina isikae katika kifaa hichohicho.

Mwisho, mweleze msemaji mipaka hii kabla ya kurekodi, kwa lugha yake. Akikubali bila kujua sauti yake itapita wapi, ridhaa yake bado haijakamilika.